"Andika Amina, Usipite"

Picha ya Bikira Maria, na chini yake: "Andika Amina, usipite." Amina zinamiminika, mwenye ukurasa anadhani amepata wasikilizaji. Hatukubali. Aliyeogopa kupita hajafundishwa kitu. Hata Facebook, ambayo si mwalimu wa maadili, ilitangaza Desemba 2017 kwamba itayashusha machapisho yanayoombaomba laiki na maoni.

Aristotle, katika kitabu cha pili cha Retorika, anachambua kwa kirefu hasira, hofu, tabia za vijana na za wazee, ili msemaji amjue anayesema naye. Basi tuanze na swali ambalo mwamini hujiuliza kweli: nikisinzia katikati ya rozari, nimesali? Tulijibu mistari ya juu kabisa, kabla simu haijaficha yaliyobaki. Salamu ndefu tuziachie jumuiya.