Mke Wangu Analala Saa Nane Usiku kwa Ajili ya PlayStation!

Mwezi huu nimepokea barua ambayo ilinibidi niisome mara tatu, maana mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikanyamaza, ya tatu nikaona kuna ndoa hapa inakwenda mrama kwa sababu ya waya. Hebu tuisome pamoja.

“Dada, mimi ni mwanaume wa miaka 34, naishi Tabata. Mke wangu ni mhasibu, tuna binti mmoja wa miaka sita. Tangu Pasaka mwenzangu amebadilika. Mtoto akishalala tu, anatoa PlayStation ya zamani, ile ya kijivu aliyoachiwa na kaka yake, anafungua laptopu, anaunganisha waya, basi mpaka saa nane usiku. Nikipita sebuleni naona kioo cheusi chenye maandishi meupe. Nikajua tu anachati na mtu. Nikapekua simu yake, sikukuta kitu, na bahati mbaya akagundua. Akaniambia anatengeneza gemu ya mchezo wa rede, zawadi ya siku ya kuzaliwa ya binti yetu. Wiki iliyopita nikamkuta analia, ati adapta imegoma. Mimi nikacheka. Tangu siku hiyo tunaongea mambo ya ada na gesi tu, kitandani kila mtu na ukuta wake. Dada, nilifiche hilo PlayStation?”

Kaka yangu, usithubutu! Ukilificha leo, kesho utatafuta pa kujificha wewe. Tatizo lako hapa si mashine. Umepekua simu ya mkeo, hukukuta kitu, halafu ukamcheka alipokuwa analia. Hayo ni madeni mawili na yote yako. Lakini siwezi kukwambia “kamwombe radhi” halafu basi, kwa sababu ukienda kuomba radhi kwa jambo usilolielewa, atajua unatafuta amani tu. Kwa hiyo leo tunajifunza anachofanya mwenzako. Na nyie wengine wenye waume wanaoshinda gereji na wake wanaoshinda na vitabu vya mapishi, msifungue ukurasa mwingine, hili linawahusu.

ANAFANYA NINI HASA?

PlayStation ya kwanza unaikumbuka, si ndiyo? Ilitoka Japani Desemba 1994, ikauzwa zaidi ya milioni 100 duniani, na wengi wetu tumekua tukikimbilia mabanda ya kuichezea. Ina memori ya MB 2 tu. Picha moja ya simu yako mara nyingi haienei humo! Sasa kuna watu dunia nzima ambao hadi leo wanaitengenezea gemu mpya, kwa mapenzi tu, bila kulipwa. Wanaandika programu kwa lugha ya C kwenye kompyuta, wakitumia vifaa vya bure kama PSn00bSDK. Ndilo lile dirisha jeusi lenye maandishi meupe, kaka. Hakuna mwanaume humo.

Wala si jambo la kihuni. Sony wenyewe waliuza PlayStation nyeusi kwa ajili ya watu wa namna hii, Japani mwaka 1996, Ulaya na Marekani mwaka 1997, kwa takriban dola 750. Ilikuja na kebo ya kuiunganisha na kompyuta. Gemu ya Devil Dice ya mwaka 1998 ilianzia huko. Na unajua ile mashine iliitwaje? Net Yaroze. “Yaroze” ni Kijapani cha kuhamasishana, maana yake ni kama “haya, tufanye!” Iweke kichwani hiyo, tutaihitaji.

Ukishaandika gemu kwenye laptopu, itafikaje kwenye PlayStation? Njia ya zamani ni kuchoma CD kila unapobadilisha kitu. Ukikosea herufi moja, CD inakwenda na maji, unaanza upya. Tena konsoli yenyewe inakataa CD ya kuchoma nyumbani mpaka idanganywe, mara nyingi kwa kufungwa chipu. Njia nyepesi ni kupitisha gemu kwenye waya. Nyuma ya PlayStation kubwa ya kijivu kuna tundu limeandikwa SERIAL I/O. Liliwekwa ili watu wawili waunganishe konsoli mbili na kucheza pamoja, kila mmoja na runinga yake. Tundu hilo hilo linaweza kuongea na kompyuta.

Ila laptopu za siku hizi hazina tena poti ya siriali, zina USB. Ndipo inapoingia adapta, kidude kidogo kama kidole gumba, upande mmoja USB, upande wa pili vipini vya siriali. Yenyewe ni mkalimani. Mkalimani akigoma, wawili hawa wanatazamana tu kama nyinyi hapo kitandani.

Ikikubali, raha yake ni hii. Kwa kasi ya kawaida ya 115200, zinapita baiti kama elfu kumi na moja kwa sekunde. Gemu ndogo ya kilobaiti 300 inafika ndani ya nusu dakika. Unabadilisha rangi ya mpira, unatuma, unaona kwenye runinga. Mtu anayesubiri muujiza huo kwa wiki nzima kisha adapta inanyamaza, ana haki ya kulia, kaka.

KWA NINI ADAPTA INAGOMA?

Hapa kaa mkao wa kula. Mara nyingi ugonjwa ni mmoja kati ya hii ifuatayo, na dawa yake haihitaji fundi.

1. Si aina yake. Kuna adapta zenye plagi pana ya pini tisa, zilizotengenezwa kwa RS-232, utaratibu wa tangu miaka ya 1960. Hizo zinatumia umeme unaopanda na kushuka chini ya sifuri, hadi volti 15. Ukizichomeka moja kwa moja kwenye PlayStation unaweza kuiua kabisa. Inayotakiwa ni ile inayoitwa TTL, ya volti 3.3. Nyingine zina kiberiti kidogo cha kuchagua kati ya 5 na 3.3, hakikisha kiko 3.3 kabla ya kuchomeka chochote.

2. Waya wa USB ni wa kuchajia tu. Usicheke! Baadhi ya nyaya tulizonazo majumbani zinapitisha umeme, hazipitishi mawasiliano. Taa ya adapta inawaka, mtu anadhani kila kitu safi, kumbe kompyuta haijaona kitu. Jaribu waya unaojua umewahi kuhamishia picha.

3. Kompyuta haimtambui mgeni. Kwenye Windows fungua Device Manager uangalie kama imepewa namba ya COM. Kwenye Linux tafuta ttyUSB0. Ukiiona lakini unakatazwa kuitumia, mara nyingi ni kwa sababu jina lako halimo kwenye kundi la dialout. Jiongeze humo, toka, ingia upya.

4. Chipu ni feki. Adapta za bei chee nyingi zina chipu za kuiga. Mwaka 2014 kampuni ya FTDI ya Uskochi ilitoa dereva ya Windows iliyozifanya chipu zilizoiga za kwake zisitambulike tena, watu wakapiga kelele, dereva ile ikaondolewa. Kwa hiyo adapta ikikubali kwenye kompyuta moja na kugoma kwenye nyingine, mwenye nayo asijione mjinga.

5. Nyaya zimeungwa sawasawa badala ya kupishana. Hili ndilo linalowashika wengi. TX ni mdomo, RX ni sikio. Mdomo wa huyu uende kwenye sikio la yule, na wa yule uje kwenye sikio la huyu. Ukiunga TX na TX, wote wanaongea na hakuna anayesikia. Kisha kuna waya wa tatu, GND. Bila huo hawana pa kupimia umeme wao kwa pamoja, maneno yanafika yakiwa vurugu. Waya wa umeme, VCC, uache, konsoli ina umeme wake.

6. Kasi hazilingani. Kompyuta ikiongea kwa 115200 na konsoli ikisikiliza kwa kasi nyingine, zinatoka takataka. Pia funga programu nyingine zote zinazoishikilia poti hiyo. Haishikwi na wawili.

Kabla ya yote hayo, kuna kipimo kimoja cha dakika mbili. Chomoa adapta kwenye PlayStation, unganisha TX yake na RX yake yenyewe kwa kiwaya, fungua programu ya siriali, andika herufi. Zikirudi kwenye kioo, adapta ni nzima, ugonjwa uko mbele, kwenye nyaya au kwenye konsoli. Zisiporudi, usiisumbue PlayStation, ugonjwa uko kwa adapta au kompyuta.

Angalia pia mambo mawili upande wa pili. Ile PlayStation ndogo nyeupe ya mwaka 2000, PSone, haina tundu la siriali kabisa, ila wewe umesema yenu ni ya kijivu, hapo mko salama. Na lazima konsoli iwe na programu ya kupokea. Haiwezi kusikiliza tu yenyewe. Tangu mwaka 2021 kuna njia ya kuiingiza kwa kadi ya memori iliyoandaliwa maalum, bila kufungua mashine.

SASA TURUDI NYUMBANI

Kaka, umeona? Mkeo amekuwa akihangaika na orodha yote hiyo peke yake, usiku, baada ya kazi na baada ya kumlaza mtoto wenu. Fanya hivi.

Kwanza, lipa madeni kwa majina yake. Usiseme “nisamehe kama nimekukwaza.” Sema “nilipekua simu yako, sikutakiwa,” kisha “ulilia, nikacheka.” Halafu nyamaza, mwache aseme. Asiposema siku hiyo, usimlazimishe.

Pili, usiende kumtengenezea. Wanaume mna ugonjwa huo! Umesoma ukurasa mmoja, kesho unataka kumnyang’anya adapta. Uliza tu: “Umejaribu kuunga TX na RX zenyewe? Ilirudisha?” Atakutazama kama mgeni, lakini atajibu. Shika tochi, soma rangi za nyaya kwa sauti. Vipini vile ni vidogo, jicho la pili linasaidia kweli, hasa saa sita usiku.

Tatu, mkubaliane muda. Na hapa namgeukia dada yangu mhasibu, maana najua ataisoma tu. Shosti, kazi yako ni nzuri na zawadi yako ni ya kipekee, binti ataikumbuka maisha. Lakini saa nane usiku kila siku, tangu Pasaka? Mwenzako alianza kuwaza mabaya kwenye giza ulilomwachia. Kupekua kwake hakuna utetezi, ila nawe hukumwambia unatengeneza nini mpaka alipokukera. Chagua siku tatu kwa wiki, mwisho saa tano. Zile nyingine, zima.

Nne, gemu ya rede inahitaji watu wa kuijaribu. Kaka, wewe ni mteja wa kwanza. Shika padi, mwambie ukweli mpira unapokwenda ovyo. Na mwacheni binti naye achague rangi ya gauni la mchezaji. Siri ya zawadi itapungua kidogo, ila mtakuwa watu watatu sebuleni badala ya mmoja.

Nasikia swali lako: “Na ikigoma kabisa?” Adapta nyingine ya 3.3 haifikii gharama ya chakula cha jioni cha watu wawili hotelini. Nendeni wote wawili kuinunua, na msirudi bila kula.

Wapenzi wasomaji, mwenza wako anapopenda kitu usichokielewa, si lazima ukipende. Jua jina lake tu, na jua siku kimegoma. Niandikieni mniambie mwenzenu anashinda na nini. Tukutane mwezi ujao, na kaka wa Tabata, nataka kusikia kama herufi zilirudi. Haya, tufanye!