Telefone bila shimo la ekuteri: tusilipe adaptateri mbele ya kuisikia

Wandugu wachimbaji, na ninyi ba mama na batoto mu nyumba, kuko watu watasema sendika imekosa kazi, sasa inaandika juu ya kamba za telefone. Waseme. Siku hizi habari za kazi zinapita mu vokali ya WhatsApp kuliko ku karatasi ya kubandika ku mlango wa kuingilia. Delege akitoka mu mkutano na wakubwa, anatuma vokali ya dakika tano. Saa ya posti ikigeuka, vokali. Mwenzetu akiumia kazini, vokali. Wengi wetu hatusome Kifaransa haraka, na kati ya wazee kuko wenye hawasome kabisa. Kusikia njo kusoma kwetu.

Sasa sikiliza vokali ya namna hiyo mu bisi ya kampuni, na chefu wa ekipi amekaa nyuma yako. Ama mu nyumba ya vyumba viwili, batoto wamelala, baba ametoka ku posti ya usiku, na mama anataka kusikia habari ya dada yake wa Likasi aliyelala hospitali. Bila ekuteri unafungua sauti na kila mtu anajua mambo yako, ama unaacha mpaka kesho. Mambo ya mshahara na ya ugonjwa hayangoje mpaka kesho.

Shida ni kwamba telefone nyingi zenye tunaita za muzuri hazina tena lile shimo la mviringo la kuingiza ekuteri. Apple ililiondoa mwaka wa 2016 ku iPhone 7, na mwaka ule ule ikaanza kuuzisha ekuteri zisizo na kamba. Mbele, mu karton mlikuwa adaptateri, kale kakamba kafupi ka kuunganisha ekuteri ya zamani. Kufika 2018 wakakaondoa. Kampuni zingine zilicheka kwanza, kisha zikafuata njia ile ile. Leo ndugu yako wa Ulaya ao wa Dubai anakutumia telefone yake ya zamani, unafurahi, na siku ya kwanza unagundua kama ekuteri yako haina fasi ya kuingia.

Hapo unaenda ku soko kununua adaptateri. Unalipa, unarudi nyumbani, unaingiza: kimya. Ama telefone inaandika kwamba hiki kintu haikijue. Unarudi kesho, muuzishaji anakuambia ilikuwa nzima wakati ilitoka kwake. Unanunua ya pili. Tunajua mafamilia yenye droo imejaa tukamba twa namna hii, na kila kamoja kalikula feza ya bunga.

Muuzishaji pengine hakudanganye. Adaptateri za USB-C ziko za aina mbili, na kwa macho zinafanana kama mapacha. Aina ya kwanza ni kamba tupu. Ndani hamna kitu, inapitisha tu sauti yenye telefone imekwisha kutengeneza. Hiyo inakubali paka kwa telefone zilizojengwa kwa kutoa sauti mu shimo la kuchaji, kama Huawei P20 ao Moto Z ya Motorola. Aina ya pili iko na kachipi ndani, na kale kachipi njo kanageuza hesabu za telefone kuwa sauti. Ku paketi wanaandika herufi tatu, DAC. Telefone za Pixel za Google zisizo na shimo, na zile kubwa za Samsung kuanzia Galaxy Note 10, zinataka hii ya pili. Ukiwapa kamba tupu, hazisemi neno.

Kwa hiyo, kama hujue telefone yako ni ya aina gani, tafuta yenye DAC. Hiyo inakubali kwa telefone nyingi kuliko ile kamba tupu. Na angalia mdomo: iPhone kuanzia ile ya 7 mpaka 14 iko na mdomo wake mwenyewe, Lightning, ni kuanzia iPhone 15 ya mwaka wa 2023 njo Apple ilikubali USB-C. Mtu akikuambia «hii ni ya iPhone yote», mwachie yeye na kamba yake.

Hata ile ya DAC iko na mambo yake. Kwa telefone za Oppo, Realme na OnePlus, pengine lazima uingie mu parametre ufungue kitu kinaitwa OTG, na ukikaa dakika kumi bila kutumia, inajifunga yenyewe. Ndiyo sababu mtu anasema adaptateri yake «inakufa na kufufuka». Ile nyeupe ndogo ya Apple ya USB-C inakubali mu telefone nyingi za Android, lakini mu zingine sauti inabaki chini hata ukipandisha mpaka mwisho. Kwa mtoto wa shule hiyo si kitu. Kwa mtu aliyeshika mashini ya kutoboa mawe miaka kumi na tano, mwenye masikio yamekwisha kuchoka, ni feza ya kutupa. Tena kuko shida ya mikro: ekuteri zingine za zamani, pete za ku ncha yake zimepangwa kinyume na za leo. Unasikia sauti kama ya mtu mwenye kuwa ndani ya pipa, na wa upande wa pili hakusikie kabisa.

Na radio. Hapa tunakaa kidogo, sababu watu wengi hawakujua mpaka walipoteza. Radio ya FM mu telefone inatumia kamba ya ekuteri kama antena. Telefone isiyo na shimo, hata ukiweka adaptateri ya DAC, mara nyingi radio inakuambia uingize ekuteri, na wewe umekwisha kuingiza. Kampuni nyingi zenye kutengeneza telefone bila shimo zinaondoa na radio yenyewe. Watakuambia usikilize kwa intaneti. Intaneti ni megabaiti, na megabaiti ni feza. Mzee wetu aliyezoea kusikiliza habari za Radio Okapi kila asubuhi bila kulipa franka moja, leo analipa kusudi asikie habari za inchi yake.

Kuko tena neno la kuchaji. Mbele telefone ilikuwa na mashimo mawili: moja likivunjika, lingine linaendelea. Sasa yote yanapita mu tundu moja. Umeme ukirudi usiku, unachagua: kuchaji ao kusikia. Na vumbi letu tunalijua, linaingia fasi yote. Kamba ikining'inia siku nzima mu mfuko wa kazi, ikivutwa huku na kule, tundu linalegea, na tundu la kuchaji likifa, telefone yote imekufa. Shimo la ekuteri likiharibika, ulikuwa unaendelea tu kupiga.

Wengine watatujibu: nunueni basi zile zisizo na kamba, dunia inaendelea. Ndiyo, inaendelea, na sisi njo tunaisukuma. Ekuteri ya kamba haina bateri. Ile isiyo na kamba iko na tatu: moja kwa kila sikio, na moja mu kaboksi kake. Ni tubateri tudogo twa litiamu, na mara nyingi ndani yake muko kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia inatoka mu inchi yetu, na sehemu kubwa inatoka huku, Kolwezi na Fungurume. Kisha miaka michache tubateri tunachoka, kutubadilisha ni kazi ngumu sana, mtu anatupa na kununua tena. Hatukatae kobalti iuzwe, ni mkate wetu. Lakini tusiambiwe kuwa kuondoa shimo lile kulifanywa juu ya faida yetu. Mwenye kutoa jiwe anakosa feza ya kununua kile jiwe lake linatengeneza, na kale kakamba ka kuponyea shida, hata hako kanamdanganya.

Ulaya, tangu mwisho wa mwaka wa 2024, sheria inalazimisha telefone mpya zenye kuuzwa kule ziwe na tundu la USB-C. Kwa hiyo sheria inaweza kusema na hizi kampuni kubwa, na zinatii. Kwetu hatuombe mambo makubwa vile. Tunaomba wenye kuingiza adaptateri mu inchi waandike ku paketi, kwa lugha ya kusomeka, kama ni kamba tupu ao iko na kachipi. Na tunaomba wauzishaji wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi waache mtu apime mbele ya kulipa. Mwenye kiatu anakuacha ukivae. Kwa nini kamba ya sikio iwe siri?

Ukienda kununua, beba telefone yako mwenyewe na ekuteri yako mwenyewe. Cheza vokali, sikiliza ku masikio yote mawili. Rekodi sauti yako, uirudishe. Piga mtu, umuulize kama anakusikia vizuri. Kama telefone iko na radio, fungua radio. Ni dakika tatu. Muuzishaji akikataa, jirani yake atakubali. Na kama hujanunua telefone bado, jua kwamba nyingi za bei ndogo za Itel na Tecno zingali na shimo lao na radio yao. Usione haya kuichagua mbele ya ile yenye kung'aa.

Kwa kampuni tuko na neno moja. Mahali wanatuma mafundisho ya usalama ku telefone za wafanyakazi, na wanahesabu kwamba kila mtu amesikia, watoe pia njia ya kusikia: chumba chenye kimya, ama ekuteri zenye kukubali. Delege waweke hilo mu mazungumzo pamoja na mabuti na kofia. Lakini tuelewane: ekuteri ni ya bisi na ya nyumbani. Mu shimo ao ku njia ya malori makubwa, masikio yabaki wazi, hata kama wimbo ni mtamu namna gani.

Tumekwisha kuanza karatasi moja: upande mmoja aina ya telefone, upande wa pili adaptateri iliyokubali, na alama kama mikro na radio vinatembea. Ingali fupi. Ku mkutano unaofuata, kila mtu alete telefone yake na ile droo yake ya tukamba, hata twenye alikwisha kuhesabu kama tumekufa. Kenye kamekataa ku telefone yako pengine katakubali ku ya mwenzako.