Usiniite Nifungue Kikao kwa Maombi

Leo sina neno tamu, lakini nina neno la kweli. Nivumilie.

Juma lililopita nilipita kwenye kioski chetu cha maji. Mfereji ni mkavu. Akina mama wamerudi mtoni na mitungi, kama zamani, na watoto wanafika shuleni wamechelewa. Si ukame. Bomba limepasuka mahali fulani chini ya ardhi, na hakuna anayejua ni wapi.

Aliyejua alikuwa mzee mmoja aliyesimamia uchimbaji wa mtaro tangu mwanzo. Ramani ilikuwa kichwani mwake. Mwaka jana tulimzika. Tuliimba, tukatoa sifa, tukala wali, na ramani tukaizika pamoja naye.

Na papo hapo mtaani kuna kijana wa kanisa letu aliyesomea ufundi wa mabomba. Mara mbili aliomba kujiunga na kamati ya maji. Mara mbili akaambiwa asubiri, akue kwanza. Ana miaka 29, ana mke na watoto wawili. Akue awe nani?

Kabla sijamsema mtu, wacha nijiseme. Kamati ile ilikuwa na watu saba, na mdogo wao alikuwa amepita miaka 55. Ni nani aliyekuwa akifungua vikao vyake kwa maombi? Ni mimi. Nilifumba macho nikaomba, na nilipoyafumbua sikuona kwamba kizazi kizima hakipo. Hata kanisani ni vivyo hivyo. Siku ya kupanga viti na kufunga spika, tunawaita vijana. Siku ya kupanga bajeti, hatuwaiti.

Mzee wangu, najua utanijibu nini. Utanikumbusha Rehoboamu aliyekataa shauri la wazee, akafuata la vijana, ufalme ukagawanyika. Habari hiyo tumeigeuza rungu la kuwanyamazishia watoto wetu. Basi soma pia 1 Wafalme 14:21. Rehoboamu alianza kutawala akiwa na miaka 41! Na hao vijana, Biblia inasema walikua pamoja naye, yaani walikuwa rika lake. Katiba ya Kenya isingewaita vijana, kwa maana kifungu cha 260 kinamhesabu kijana kuwa aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Shida yao haikuwa umri. Walimwambia mfalme alichotaka kusikia, na wananchi waliokuja wakilia chini ya mzigo wakaongezewa mzigo. Kosa hilo hata mwenye mvi anaweza kulifanya.

Nawe kijana, usianze kupiga makofi. Nakuja kwako.

Juni 2024 mliusoma Mswada wa Fedha, mkaueleza mitandaoni, mkajaza barabara, na Rais akakataa kuutia sahihi. Wengine wenu hawakurudi nyumbani, na hatutawasahau. Lakini nakuuliza: maoni ya wananchi yanapokusanywa hapa wadini kwetu, huwa uko wapi? Kila mwaka, kufikia tarehe 1 Septemba, kaunti hupeleka mpango wake wa maendeleo kwenye bunge la kaunti. Barabara yako, zahanati yako na mfereji wako viko humo, au havimo. Nairobi unaijua kwa moto, wadi yako huijui hata kwa moshi.

Tena, yule mzee ulipita mbele ya mlango wake miaka mingi, mkononi una simu yenye ramani ya dunia nzima. Hukuingia hata siku moja kumwuliza, "Babu, bomba letu limepita wapi?"

Mpendwa, fungua Nehemia 3. Wengi huiruka sura hiyo kwa sababu ni majina matupu. Fika mstari wa 12. Shalumu, kiongozi wa nusu ya eneo la Yerusalemu, anajenga ukuta, yeye na binti zake. Mkubwa mwenye cheo na wasichana wake, kwenye sehemu moja ya ukuta. Hakuwaambia wakapike chai ya wajenzi. Na Mungu aliona jambo hilo linafaa kuandikwa.

Hata Katiba yetu ya 2010 haikuchagua upande. Kifungu cha 55 kinataka vijana washiriki. Kifungu cha 57 kinataka wazee washiriki. Tuliochagua upande ni sisi.

Kwa hiyo nasema hadharani, na mniwekee ushahidi. Kuanzia leo usiniite nifungue kwa maombi kikao cha maji, cha shule, cha barabara au cha zahanati ikiwa hakuna kijana aliyeketi pale mwenye sauti na kura. Wala usiniite ikiwa vijana wamemfungia mzee nje. Sitabariki nusu ya nyumba.

Jumamosi hii saa mbili asubuhi tunakutana kwenye kioski. Baba na mama mliochimba mtaro ule, njooni na kumbukumbu zenu, hata kama ni ya kona moja tu. Vijana, njooni na majembe na simu. Fundi wetu wa miaka 29 ataongoza. Kila tutakapopata bomba tutaweka alama, tutapiga picha, tutaandika. Safari hii hatuziki ramani.

Ee Bwana, utusamehe sisi wachungaji tuliobariki tusichokichunguza. Wape wazee wetu moyo wa kuachilia, na vijana wetu moyo wa kuuliza, kabla hatujaenda makaburini tena. Katika jina la Yesu, amina.

Ukiguswa, mtumie mzee mmoja na kijana mmoja ujumbe huu. Wote wawili, si mmoja. Ubarikiwe.