Kabla ya kulipa kozi ya tovuti

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo kuta za njia ya Kasapa zinajaa matangazo ya aina moja: jifunze kutengeneza tovuti kwa miezi mitatu, cheti kinatolewa. Kati ya wanaokwenda kuandikisha majina, sisi wanafunzi wa lugha si wachache. Sababu tunaijua. Kazi ya kutafsiri haipatikani kila siku, mshahara wa mwalimu haumtoshi mtu mwenye nyumba, na kila mmoja anatafuta ufundi wa pili wa kumtegemeza. Simlaumu mtu. Mimi pia nilikwenda, na ninaandika ili mwenzangu asilipie kosa nililokwisha kulilipia.

Nilitoa dola 120, ambazo nyumbani walizikusanya kidogo kidogo. Kwa miezi mitatu tulifundishwa kufungua kiolezo kilichokwisha kutengenezwa na watu wengine, kubadilisha picha, kubadilisha rangi na kuandika jina la mteja juu. Nilipata cheti chenye muhuri. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mdogo, anayeshona nguo katika komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Tovuti ilionekana nzuri kwenye kompyuta ya shule. Kwenye simu yake maandishi yalitoka nje ya kioo. Baada ya mwezi alibadilisha namba ya simu, na mimi nikatafuta mahali pa kuirekebisha siku mbili bila kupaona. Akaniambia kwa upole: «Mwanangu, kijana wa kwangu asiyejua kupunguza mkono wa nguo, mimi simwiti mshonaji.»

Neno lile liliniuma kwa sababu lilikuwa kweli. Nilikuwa nimenunua cheti. Ufundi sikuwa nao.

Tukumbuke kwanza kwamba ufundi huu hauna mwenyewe. Tim Berners-Lee alitoa wazo la wavuti mwaka 1989 akiwa CERN, Geneva, na Mbelgiji Robert Cailliau akamsaidia kulisukuma mbele. Tarehe 30 Aprili 1993, CERN ikaruhusu watu wote kuutumia uvumbuzi huo bila kulipa. Hakuna baraza linalotoa leseni ya kuandika ukurasa, na kivinjari hakimwombi mtu cheti. Kwa hiyo kitu cha maana unachotoka nacho kwenye kozi ni uwezo wa mikono yako.

Ndiyo maana, kabla ya kulipa, ninashauri kuuliza maswali manne.

La kwanza: je, nitaandika HTML na CSS kwa mkono wangu? HTML inakieleza kivinjari kipi ni kichwa cha habari, ipi ni aya, ipi ni orodha. CSS inaeleza vitu hivyo vionekane namna gani. Asiyezijua ni kama mtu aliyekariri sentensi ishirini za Kiingereza: akiulizwa ya ishirini na moja, ananyamaza.

La pili: nitatoka na kazi gani iliyokamilika? Omba kuona tovuti za wanafunzi waliotangulia. Zifungue kwenye simu ya bei ndogo, kwa mega chache, kwa maana ndivyo wateja wetu watakavyozifungua. Ukurasa mzito unamla mtu pesa kabla hajasoma hata mstari.

La tatu: nani atasoma kazi yangu na kuisahihisha? Hapa ninawajibu wenzangu wanaosema kozi hazina faida kwa kuwa kila kitu kiko kwenye intaneti bure. Wana haki kwa nusu. Maelezo ya MDN yanapatikana kwa Kifaransa, na mazoezi ya freeCodeCamp hayalipishwi. Lakini sisi tunajua kwamba kitabu cha sarufi peke yake hakimfundishi mtu kuandika. Anayemfundisha ni yule anayerudisha karatasi yenye alama nyekundu. Kama kozi haina msahihishaji, baki na intaneti na uweke pesa yako.

La nne: nitakaa mbele ya mashine saa ngapi kwa juma, na umeme ukikatika tunafanyaje? Kozi ya watu thelathini kwa kompyuta sita ni mhadhara, wala si mafunzo ya ufundi.

Walimu wetu wengine wanasema kitivo cha lugha hakipaswi kugeuzwa karakana. Ninaheshimu hofu yao: tukikimbilia kila ufundi unaotangazwa ukutani, fasihi na isimu zitabaki bila wanafunzi. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya tovuti ni kazi yetu. Mfano ni mdogo. Mwanzoni mwa kila ukurasa mtengenezaji anatakiwa kutaja lugha yake: fr kwa Kifaransa, sw kwa Kiswahili. Kiswahili cha Kongo nacho kina alama yake katika orodha ya kimataifa, swc. Mwongozo wa WCAG, unaohusu kurasa zinazoweza kutumiwa na watu wenye ulemavu, unaweka jambo hilo katika ngazi ya kwanza ya masharti. Kwa nini? Kwa sababu kipofu anasikiliza ukurasa kwa programu inayousoma kwa sauti. Ukurasa wa Kiswahili ukitajwa kuwa wa Kifaransa, programu inaweza kuusoma kwa matamshi ya Kifaransa, na msikilizaji asielewe kitu.

Katika kozi yangu hakuna aliyetaja jambo hilo. Kiolezo kilikuja na alama ya Kiingereza, nasi tukaiacha. Mwanafunzi wa fonetiki angeona kosa hilo mara moja, kama angeonyeshwa mahali pa kuangalia. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba kuwa lugha za taifa; ni nani atakayeziandikia kurasa zinazosomeka vizuri kama si sisi?

Basi ombi langu kwa kitivo ni moja. Tupewe warsha ya nusu mwaka, pamoja na wenzetu wa informatiki: wao wafundishe msimbo, walimu wetu wasahihishe maandishi, na kila mwanafunzi atoke na tovuti moja ya kweli, ya mshonaji, ya shule au ya parokia. Haitatupa sote kazi. Wafanyabiashara wengi wa mji huu wanatosheka na ukurasa wa Facebook, na anayeahidi mshahara baada ya miezi mitatu anadanganya. Lakini itamzuia mwanafunzi kutoa pesa ya familia kwa ajili ya muhuri.

Mimi nilianza upya, peke yangu, usiku umeme unapokuwepo. Ukurasa wa mama mdogo sasa ni mwepesi, una alama ya sw, na juma lililopita nilibadilisha bei ya sare za shule kwa dakika tano. Aliangalia simu, akasema: «Sasa unashona.»