Dozi ya mtoto si dawa ya kuku asiyetaga



Jioni moja jirani yangu alinijia amempakata kuku wake. "Kaka," akaniambia, "huyu ametaga mayai mawili yasiyo na ganda, laini kabisa. Sasa hatagi tena. Nimemwekea vidonge vya mtoto vilivyobaki, niambie nimpe vingapi."

Vidonge vile vilikuwa amoksilini. Mtoto alipewa vya siku tano kwa ajili ya nimonia. Siku ya tatu homa ilishuka, mama akaona vilivyobaki vimsaidie kuku.

Simlaumu. Kwa familia inayoishi kwa mgawo wa unga, maharage, mafuta na chumvi, kuku anayetaga ni mboga ya watoto, tena ni sabuni ya nyumba. Lakini jambo hili tunalifanya wengi, na kwa maoni yangu tunapata hasara mara mbili: mtoto hapati dawa yake yote, na kuku haponi.

Tuanze na kuku mwenyewe. Yai moja huchukua saa 24 hadi 26 kutengenezeka tumboni, na saa 20 hivi kati ya hizo ni za kujenga ganda. Ganda karibu lote ni chokaa, na chokaa hiyo kuku huipata katika chakula. Mahindi na pumba vina chokaa kidogo sana. Akikosa, huichota katika mifupa yake mwenyewe, halafu hutaga mayai laini, na mwisho huacha kutaga. Amoksilini huua vijidudu, haijengi ganda.

Dawa yake unayo jikoni. Maganda ya mayai uliyopika yakaushe motoni, yatwange mpaka yawe unga, uchanganye na pumba. Usimtupie ganda zima, asije akajifunza kula mayai yake. Vichwa na mifupa ya dagaa, na maganda ya konokono yaliyotwangwa, vinafaa pia. Tena usisahau maji: karibu robo tatu ya yai ni maji. Tunapanga foleni bombani kwa ajili ya watu, kuku tukamsahau. Mwekee kopo la maji safi kivulini kila siku.

Pili, si kila kuku aliyeacha kutaga ni mgonjwa. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kumi hadi kumi na tano, kisha huatamia. Akiwa analea vifaranga au anabadilisha manyoya, hatagi. Pengine anataga vichakani nawe hujui.

Tatu, yai linaweza kukwama. Utamwona anajikamua, mkia umeinama, anaingia na kutoka kiotani bila yai. Mkalishe katika beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 15 hadi 20, mpake mafuta kidogo sehemu ya kutolea yai, kisha mweke mahali penye giza na utulivu. Usimminye tumbo, yai likivunjika ndani linaweza kumuua. Nyama ikitokeza nje, mtenge na wenzake, maana watamdonoa.

Lakini kuku wengi wakiacha kutaga kwa pamoja, wakaharisha kijani, wakapinda shingo na kufa, huenda ni mdondo. Huo ni ugonjwa wa virusi, na vidonge hivi haviuwezi. Kinga yake ni chanjo, nayo hutolewa kabla ugonjwa haujaingia. Mjulishe mtaalamu wa mifugo mapema. Kuku waliokufa msiwale wala msiwauze. Wafukieni, na msiwashike kwa mikono mitupu.

Najua wengine watasema, "Mimi nilimpa kidonge, akataga." Inawezekana. Lakini huenda alikuwa amepumzika tu, na siku zake za kutaga zikawa zimefika. Kilicho hakika ni kwamba mabaki ya dawa huingia katika yai, na yai hilo atalila mtoto yule yule. Vijidudu vinavyoonja dawa kidogo kidogo huizoea. Siku mtoto akiugua tena, tutampa dawa isimsaidie, na hapo hatutakumbuka kwamba tulianzia kwa kuku.

Jirani yangu alirudi nyumbani na vidonge vyake, na mtoto akamaliza dozi. Kuku alipewa unga wa maganda na maji, na baada ya siku kadhaa akataga yai lenye ganda gumu. Sisemi kila kuku atapona hivyo. Wengine hawaponi, na hao ni heri kuwachinja kuliko kuwatesa.

Basi nakuomba, ndugu yangu: kuku wako akiacha kutaga, mtazame kwanza. Tazama amekula nini, amekunywa nini, na kama anaatamia. Dozi ya mtoto mwachie mtoto, aimalize hadi kidonge cha mwisho.