Je, bugali unamdhuru mbwa?

Ulizo tunalojibu leo linahusu mlinzi wa lupango. Jamaa walio Ulaya na Amerika wanapiga simu na kutuambia: "Msimpe mbwa mahindi, nafaka inamuua. Huku tunamnunulia chakula kisicho na nafaka." Basi mama anatazama sufuria yake, anaona bugali, maharagi na mabaki ya sambaza, na anajiuliza kama kila jioni anamtilia mbwa wake sumu.

Tuanze kule maneno hayo yalikotoka. Watu wengi wa huko walishika wazo kwamba mbwa ni ndugu wa mbwa mwitu, kwa hiyo nafaka si chakula chake. Viwanda vikawasikiliza: vikaondoa mahindi, ngano na mchele, na mahali pake vikaweka njegere, dengu na viazi. Hata huku kwetu, ukikuta mfuko wa chakula cha mbwa ulioandikwa kwa Kifaransa "sans céréales", maana yake ni hiyo, bila nafaka.

Kisha waganga wa wanyama wakaanza kuona jambo lisilo la kawaida. Kuna ugonjwa ambao moyo wa mbwa unapanuka na nyama yake inalegea, mfano wa mpira uliovutwa kupita kiasi. Unapiga, lakini hausukumi damu vizuri, na maji yanajaa mapafuni au tumboni. Ugonjwa huo ulijulikana tangu zamani kwa mbwa wakubwa wa ukoo fulani, lakini sasa ulionekana kwa mbwa ambao ukoo wao hauna tabia hiyo. Mwezi wa Julai 2018 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, FDA, ilitangaza kwamba inachunguza. Kufikia mwisho wa Aprili 2019 ilikuwa imepokea habari za mbwa 560 wenye ugonjwa huo, na 119 kati yao walikuwa wamekufa. Katika kila vyakula kumi vilivyotajwa, zaidi ya tisa havikuwa na nafaka, na karibu vyote vilikuwa na njegere au dengu.

Sababu mojawapo iliyochunguzwa ni kitu kinachoitwa taurini, ambacho moyo unakihitaji. Mwili wa mbwa hujitengenezea taurini kutoka katika protini, hasa ile ya nyama, samaki na mayai. Jamii ya njegere na maharagi ina kidogo cha vile vinavyohitajika kuitengeneza. Lakini wagonjwa wengi walipopimwa damu, taurini yao ilikuwa ya kutosha, kwa hiyo mabishano yakaendelea. Mwezi wa Desemba 2022 FDA ilisema kwamba habari ilizokusanya hazitoshi kuthibitisha kuwa chakula ndicho chanzo. Hata hivyo kuna mbwa waliopata nafuu baada ya kubadilishiwa chakula na kupewa dawa, na hilo kwetu si jambo dogo.

Sasa turudi jikoni kwetu. Mbwa si mbwa mwitu tena. Mwaka 2013 wachunguzi wa Uswidi walionyesha kwamba mwili wa mbwa umebadilika ili kumeng'enya wanga, kwa sababu ameishi miaka maelfu akila mabaki ya binadamu. Bugali wa mahindi yaliyo safi si sumu kwake. Na tazameni kichekesho: bugali wa mihogo na maharagi bila samaki ni chakula kisicho na nafaka! Kinachouzwa ghali huko ni karibu sawa na kile ambacho mama asiye na pesa anampa mbwa wake hapa Rutshuru.

Kasoro ya sahani hiyo ni kwamba haina kitu cha mnyama. Mbwa anayelinda mbuzi usiku kucha na kufukuza nyani shambani anahitaji moyo wenye nguvu kama wale mbwa wa Rumangabo wanaowafuata majangili wa Virunga kwa harufu. Changanyeni vichwa vya samaki wa Vitshumbi, mabaki ya sambaza, yai likipatikana, au vipande vya moyo na mapafu ambavyo mchinjaji huuza kwa bei ndogo. Vichemsheni viive kabisa, kwa maana mapafu na maini mabichi yana minyoo ambayo mbwa huileta mpaka kwa watoto. Mchuzi wenye vitunguu msimpe, vitunguu vinaharibu damu ya mbwa.

Mbwa akianza kukohoa, kuchoka kwa mwendo mfupi, kuhema haraka hata akiwa amelala, kuvimba tumbo au kuanguka ghafula, huenda ni moyo. Mwiteni veterineri, na mwambieni yote anayokula, hata yale ya aibu.

Hapo kwenye aibu tukae kidogo. Nafaka inaweza kweli kumuua mbwa, lakini ni ile iliyoota ukungu. Ukungu wa mahindi na karanga hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo inashambulia ini. Na sisi tuna desturi: mahindi yaliyooza tunasema "hayo ni ya mbwa". Mwaka 1977 huko Kenya mbwa wengi na kuku walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa sumu hiyo. Mwaka 1981 ikawa zamu ya watu: katika wilaya ya Machakos wagonjwa 20 walilazwa, 12 wakafa. Mwaka 2004 katika sehemu hizo hizo za mashariki mwa Kenya waliugua watu 317, na 125 wakafa, kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Wala si Afrika peke yake. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 mbwa zaidi ya 110 walikufa Marekani kwa chakula cha dukani chenye mahindi ya namna hiyo.

Kwetu hatari iko karibu. Anayevuna kwa haraka kwa sababu ya vita, au anayeficha magunia chini ya kitanda kabla hayajakauka, anaupa ukungu nafasi. Mbwa akikataa chakula, akatapika, macho yakawa ya manjano au akaharisha damu, msiangalie mbwa peke yake. Angalieni gunia ambalo watoto nao wanakula.

Moto hauiondoi sumu hiyo, wala kusaga hakuiondoi. Kuchambua kwa mkono kunasaidia sana: toeni punje zilizobadilika rangi, zilizopasuka na zilizotobolewa na wadudu. Kaukisheni juu ya turubai, si juu ya udongo, na magunia yakae juu ya mbao. Zile mbovu msizipeleke kwenye pombe, wala kwa kuku, wala kwa mbuzi wa maziwa, kwa sababu sumu hupita mpaka kwenye maziwa. Hupita hata kwenye maziwa ya mama. Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha, mahindi ndiyo yabadilishwe. Punje mbovu zifukieni shimoni, mahali ambapo kuku hawachakuri.