Tovuti za nyumba na viwanja Bongo: picha kibao, ukweli kiduchu

Leo tujadili hizi tovuti za madalali wa nyumba na viwanja. Siku hizi kila dalali wa Dar anataka yake, au walau ukurasa wa Instagram uliojaa majumba. Ukifungua unakuta: "Nyumba kali inapangishwa Sinza, bei poa, piga simu." Kali kwa nani? Bei poa ni shilingi ngapi? Sinza ipi, ya Mori au ya Kijiweni? Hujajibiwa hata moja, na dakika zako za kafe zinakwenda.

Nimezipitia nyingi kwa sababu kuna ofisi ya udalali huku mtaani iliniomba niipangie tovuti. Nikawauliza kwanini hawataki kuandika mahali nyumba ilipo. Jibu likawa fupi: "Tutarukwa."

Ni hivi. Dalali kwa kawaida anakula kodi ya mwezi mmoja kutoka kwa mpangaji. Akitaja mahali, mteja anakwenda mwenyewe, anagonga geti, anamalizana na mwenye nyumba, na dalali anabaki na vocha aliyoimaliza kupiga simu. Kwa hiyo anaficha. Sasa hapo ndipo balaa linapoanza, maana tapeli naye anaficha vilevile. Tangazo la mkweli na la mwizi yanafanana kama mapacha. Anayeumia ni kijana aliyeanza kazi juzi, anayedaiwa kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Kachangachanga, kakopa kwa mjomba, katuma kwa simu ili "ashikiliwe chumba". Kesho yake namba haipatikani.

Kwa maana hiyo, anayepanga tovuti ya biashara hii asianze na rangi wala nembo. Aanze na swali moja: mteja atajuaje kuwa mimi sio tapeli? Nilichowashauri wale jamaa ni hiki.

Kwanza, mkataba na mwenye mali kabla ya tangazo. Karatasi isainiwe kuwa dalali ameruhusiwa kutangaza, na kwamba atalipwa kiasi fulani hata mteja akienda mwenyewe baada ya kuliona tangazo. Woga wa kurukwa ukipungua, kuficha kunapungua.

Pili, kila nyumba ijibu maswali yaleyale kwa mpangilio uleule. Kodi kwa mwezi na inalipwa ya miezi mingapi. Luku ni yako peke yako au mnachangia. Maji ni ya bomba, kisima au ya kununua kwa ndoo. Choo cha ndani au cha nje. Dakika ngapi kwa miguu hadi kituo cha daladala au mwendokasi. Hela ya dalali ni kiasi gani, na hiyo ya kwenda kuonyeshwa nyumba ipo au haipo. Hayo ndiyo mtu anayauliza kwenye simu. Ukiyaandika, wanaopiga ni wateja kweli.

Tatu, viwanja. Hapa pana hela nyingi na vilio vingi. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Sisi tunamiliki haki ya kuitumia. Hati zinazojulikana ni za miaka 33, 66 na 99. Kwa hiyo kuandika "kina hati" tu ni nusu ya habari. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1995 inafika mwisho 2028! Mnunuzi ana haki ya kujua ni ya miaka mingapi na ilianza lini. Kama hakina hati, sema wazi: kimepimwa ila hati bado, kina leseni ya makazi, au ni karatasi za serikali ya mtaa tu. Kila kimoja kina bei yake na hatari yake. Namba ya kiwanja na kitalu mteja apewe mapema, akafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla ya kutoa hata mia.

Nne, tarehe. Nyumba ikishapangishwa, itoke siku hiyohiyo. Wapo wanaoiacha makusudi kama chambo: ukipiga unaambiwa "hiyo imeenda, ila nina nyingine". Mteja aliyedanganywa mara moja hafungui tena ukurasa wako, na anawaambia wenzake.

Tano, uzito. Picha moja ya simu za sasa inaweza kufika MB 3 au 5. Weka kumi bila kuzipunguza, umemmalizia mtu bando kabla hajaona jiko. Picha ya KB 100 hivi inaonyesha chumba vizuri tu.

Sita, msiombe namba za NIDA za watu ovyo kwenye fomu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023. Jina na namba ya simu vinatosha kumwonyesha mtu nyumba.

Najua kuna mtu atasema: mbona tapeli naye anaweza kujaza hayo yote? Kweli anaweza. Lakini uongo wenye namba ya kiwanja unachunguzika, na uongo wa "bei poa, piga simu" hauchunguziki. Dalali mkweli akizoea kuandika kila kitu, anayeficha ataanza kuonekana peke yake. Na sentensi moja ikae juu kila ukurasa: usitume hela kwa nyumba ambayo hujaiona na hujaonana na mwenye nayo.

Ile ofisi imekubali manne. Bei na mahali bado wanabishana wenyewe kwa wenyewe. Mimi naona bila hayo mawili ni bora hela ya tovuti wakanunulie viti vya ofisini.

Wewe je, ulishalizwa au ulishapata chumba kizuri kupitia mtandao? Na madalali mliomo humu, kuna njia nyingine ya kuzuia kurukwa? Mwageni maoni.